Gari Lisilosikika Kwenye Kona ya Chemchemi

Tafila, Jumapili, tarehe 5 Januari

Mwanangu Nayif,

Nakusalimu salamu nyingi, na zikiisha hizo nakusalimu tena. Dada yako Sabha anakusalimu, anasema soksi alizokufumia uzivae, usizifungie kabatini kama za mwaka jana. Shangazi yako Thuraya anakusalimu kutoka kitandani. Magoti yamemvimba kwa baridi, ila ulimi wake haujapata baridi hata kidogo. Mjomba wako Dhiyab anakusalimu, na mwalimu Nuha wa darasa letu la watu wazima pia. Ni yeye aliyenisahihishia mstari wa kwanza, mingine nimekataa asiione. Abu Sakri wa basi ndiye anayekuletea barua hii, naye anakusalimu, kwa hiyo mpe chai, usimpe asante kavu. Mbuzi wawili wamezaa. Nisalimie mkeo Arij, na mjukuu wangu Lujeni umbusu mashavu yote mawili, la kushoto mara mbili.

Unajua kwa nini naandika na simu ipo. Simu ya nyumba hii ikilia watu sita wanaitikia, na nikisema naogopa, kesho nasikia hofu yangu kwenye duka la mikate.

Naogopa, mwanangu. Sabha amenionyesha picha ya gari ulilonunua. Jeupe, zuri, halina neno. Lakini umeuza gari la marehemu baba yako, lile la petroli ambalo nililijua kwa sauti. Likifika kona ya chemchemi kule chini nililisikia linavyokohoa, naweka birika jikoni, na baba yako akiingia mlangoni chai inachemka. Miaka ishirini na sita sikukosea hata siku moja. Hili lako la umeme wanasema halina sauti. Shangazi yako anasema gari bila mngurumo ni kama mume bubu, utajuaje kama yumo?

Yeye anacheka, mimi sicheki. Wanawake huku wanasema yanawaka moto yakiwa yamelala. Wanasema mvua ikinyesha yanapiga shoti. Na Bonde la Hasa, Nayif, ule mpando wa kutoka bondeni. Petroli ikiisha mtu anachukua dumu, anaomba kwa mwenye gari mwenzake. Wewe umeme utauomba kwenye dumu gani?

Umesema utakuja Alhamisi. Njoo na basi. Nijibu kabla hujaondoka.

Mama yako,
Wadha


Amman, Jumanne, tarehe 7 Januari

Mama yangu kipenzi,

Nabusu mikono yako na kichwa chako. Abu Sakri amekunywa chai vikombe vitatu na kula biskuti za Lujeni zote, kwa hiyo salamu zimefika.

Sasa nisikilize. Kila siku naenda kazini Zarqa na kurudi. Kila mwisho wa mwezi wakitangaza bei ya petroli mimi na Arij tulikuwa tunakaa mbele ya televisheni kama watu wanaosubiri majibu ya daktari. Gari la baba nalipenda, lakini mama, lilikuwa linamjua fundi kuliko linavyonijua mimi. Mwezi huu radiata, mwezi ujao plagi, mwezi wa tatu fundi ananiuliza habari za watoto wake mwenyewe. Hili nalichomeka usiku kama simu, asubuhi limejaa. Halina oili ya kubadilisha, halina moshi, halina hata bomba la moshi. Alhamisi likifika, inama utazame chini yake mwenyewe.

Na Bonde la Hasa lisikutishe. Likiteremka linajirudishia chaji, mteremko wenyewe unalilisha. Nimepiga hesabu: natoka hapa nimejaa, nafika kwako na chaji inabaki ya kumpeleka shangazi hospitali na kumrudisha, akitaka na kutembezwa sokoni. Dumu lako mwekee mafuta ya zeituni, nitaondoka nalo.

Nitakuja peke yangu, Lujeni ana mafua. Weka birika.

Mwanao,
Nayif


Tafila, Jumamosi, tarehe 11 Januari

Mwanangu Nayif,

Nakusalimu. Wote wanakusalimu, leo sina nguvu ya kuwataja mmoja mmoja.

Ulifika Alhamisi baada ya sala ya isha, na chai ilikuwa imepoa mara mbili. Sikukusikia. Nilishtukia umesimama mlangoni kama mtu aliyetoka ukutani. Ukanibusu, ukacheka, lakini macho yako hayakucheka. Nikatoka na tochi, nikainama kama ulivyoniambia. Bomba la moshi sikuliona, kweli halina. Nilichoona ni taa ya mbele imevunjika na bati la chini yake limebonyea. Nikakuuliza, ukasema, "Jiwe, mama, jiwe tu." Jiwe gani linaruka mpaka kwenye taa? Nikakuwekea chai upya, mgeni hahojiwi usiku wa kwanza, hata akiwa mwanangu.

Ukapitisha waya kwenye dirisha la jikoni. Nilikesha karibu nao na ndoo ya maji mpaka Sabha akaniambia maji na umeme ni maadui, nikabadilisha nikaweka ndoo ya mchanga. Na asubuhi, siku ya Ijumaa, umeondoka kabla ya sala. Wewe ambaye hujawahi kukosa sala ya Ijumaa kwenye msikiti wa baba yako. Ukasema una haraka.

Sasa nikueleze kilichotokea. Haji Mufleh, yule mzee ambaye watu wote wanampelekea kesi zao, alikutwa Alhamisi ile magharibi kando ya barabara kwenye kona ya chemchemi. Mguu umevunjika, kichwa kimepasuka. Gari lilimgonga kwa nyuma akitoka kwenye mizeituni yake, likaenda zake. Alipopata fahamu alisema, "Sikusikia kitu. Kitu cheupe tu kimenipita."

Bila sauti, Nayif. Eneo letu zima magari ya namna hiyo ni mawili. Moja la nesi wa zahanati, na wiki nzima limelala Karak kwa mumewe. La pili unalijua.

Wanawe ni watano. Mkubwa, Jadaan, alisimama jana baada ya sala mbele ya mjomba wako Dhiyab, akasema, "Kilichompiga baba yetu kilikuwa kimya. Na sisi tutakuwa kimya mpaka tukipate."

Niambie mimi, mimi peke yangu niliyekubeba. Kama ni jiwe, niambie lilikuwa wapi. Na kama si jiwe, niambie pia, sitapiga kelele. Ila usije huku. Usipite barabara hii mpaka nikuambie. Jibu leo hii hii.

Mama yako


Tafila, Jumanne, tarehe 14 Januari

Nayif,

Siku tatu na hujajibu. Wanasema theluji imefunga barabara na basi halikushuka, lakini moyo wa mama unajua theluji? Nilimwambia Sabha apige simu, nikamnyang'anya kabla haijaita. Ningekuuliza nini watu wakisikia?

Jumapili Jadaan alipita mbele ya nyumba yetu mara mbili kwa pikapu yake, polepole, akitazama pale ulipokuwa umeegesha. Mara ya pili alisimama. Hakushuka. Alishusha kioo akamwuliza Sabha, "Kaka yako hajambo? Gari lake jipya halijambo?" Sabha akasema hawajambo. Akasema, "Alhamdulillahi," akapandisha kioo.

Usiku huo nilifanya uamuzi. Jana nimemtuma mjomba wako Dhiyab na wazee watatu waende kwa Haji Mufleh kutuombea atwa, ile amani ya muda. Wamekaa, kahawa imemiminwa, hawakuigusa mpaka walipopewa neno. Tumepewa atwa ya wiki mbili. Siku hizo hakuna atakayekugusa, ni amana ya ukoo wao. Zikiisha watakaa tena, waseme wanataka nini.

Najua utasema nini. Nimekufa ganzi lakini sijutii. Nimezika mume, siwezi kukuzika wewe. Bora niwe na mwana mwenye kosa anayepumua.

Andika.

Mama yako


Amman, Jumatano, tarehe 15 Januari

Mama,

Barua zako mbili zimefika leo pamoja. Nimesoma ya pili nimesimama, nikakaa chini barabarani, Abu Sakri akadhani shangazi amefariki.

Mama, hukuningoja. Mwenye kuomba atwa amekiri. Hata mtoto mdogo wa Tafila anajua hilo. Umetuma wazee wanne wakaseme mbele ya watu kwamba mwanao alimgonga mzee akamwacha kwenye baridi. Ukoo wetu wote sasa ni mdhamini wa kosa ambalo sikulifanya.

Nitakueleza ukweli ambao niliuficha, na ucheke ukiweza. Niliishiwa chaji. Kulikuwa na baridi kali, nikawasha hita njia nzima, nikasahau kwamba hita nayo inakula. Kwenye ule mpando wa Bonde la Hasa gari likazimika, pale pale ulipoogopa. Dumu lako nililikumbuka, mama, wallahi. Nilikaa pale kuanzia alasiri. Wakapita watu kumi wenye magari ya petroli, kila mmoja ananiuliza kama nataka betri za redio. Mwisho Awwadi mwenye lori la kondoo akanifunga kamba. Ndoano ikafyatuka mara ya kwanza, ikarudi kwenye taa. Ndilo jiwe hilo. Magharibi wakati Haji Mufleh anagongwa mimi nilikuwa bado bondeni, nakokotwa, kondoo arobaini wananitazama. Awwadi alinifungua nyuma ya kilima chetu, ndiyo maana hukusikia hata lori lake, nikateremka kimya mpaka mlangoni.

Sikwenda msikitini kwa sababu Awwadi anasali hapo, na nilijua kesi ya kwanza baada ya sala itakuwa mimi na kondoo. Nilijivuna sana kwenye barua yangu, nikaona aibu. Hiyo tu, mama. Aibu ya mtu mzima aliyevutwa na kondoo.

Nimemtafuta Awwadi kwa simu, hapatikani, wanasema yupo mpakani na mifugo, harudi mpaka mwezi ujao. Atwa inaisha tarehe 27. Nikisema leo si mimi, watasema tumerudi nyuma kwenye neno letu.

Linaloniuma si hilo. Linaloniuma ni kwamba uliniona mimi ni mtu wa kumgonga mzee na kumwacha.

Nayif


Tafila, Jumamosi, tarehe 18 Januari

Kwa Haji Mufleh, mzee wetu wa heshima,

Salamu kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Mimi Wadha, mama yake Nayif. Nisamehe mwandiko, nimejifunza kuandika nikiwa bibi. Sikuandika haya kwa ujasiri, nimeandika kwa sababu nisingeweza kuyasema mbele ya wanao.

Juzi nilikuja na binti yangu Sabha kukujulia hali, nikamletea mama Jadaan supu. Wewe ulikuwa kibarazani juani, mguu juu ya mto. Gari la kuuza gesi likapita na muziki wake, ule unaosikika mpaka mlima wa pili. Mbwa akabweka. Mama Jadaan akakimbia kutoa mtungi akimwita dereva kwa sauti yake unayoijua. Wewe ulikuwa unahesabu tasbihi, hukuinua macho. Mungu anisamehe, nikaangusha kifuniko cha sufuria nyuma yako makusudi. Sabha alishtuka jikoni. Wewe ulipiga mwayo.

Halafu nikageuka mbele yako, nikasema polepole, "Pole, Haji." Ukatazama midomo yangu, ukajibu vizuri kabisa.

Sitamwambia mtu. Naapa kwa kaburi la mume wangu. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Mwanangu aliombewa atwa kwa sababu mimi niliogopa, si kwa sababu yeye alikugonga. Hakuwepo. Alikuwa bondeni, gari limezimika. Kila mtu anasema gari lililokugonga ni la umeme kwa sababu hukulisikia. Gari la mwanangu halina moshi. Halina bomba. Niliinama na tochi nikalitafuta.

Ulipokuwa chini, Haji, ulinusa nini?

Ukitaka kunichania karatasi hii, ichane. Mimi ni mama, ninaogopa.

Wadha


Tafila, Jumapili, tarehe 19 Januari

Kwa Wadha,

Mwandiko wako umepinda kama mbuzi wanaopanda kilima, lakini wote wamefika juu. Nampa mke wangu karatasi hii aikunje ndani ya mkate. Yeye hasomi.

Miaka miwili sasa. Kwanza yaliondoka maneno ya watoto, kisha adhana, kisha kila kitu. Wanangu watano hawajagundua kwa sababu mbele yangu wamezoea kunyamaza, na kwenye vikao watu husema mmoja mmoja, wamenikabili, na mimi nasoma nyuso. Uso hudanganya kidogo kuliko ulimi. Lakini unajua desturi yetu: asiyesikia hakalishwi penye hukumu. Bila kikao mimi ni mzee wa kulishwa supu.

Nilisema sikusikia kitu, na hilo ni kweli. Wengine ndio waliolitafsiri. Walipotaja gari la umeme nilidhani umeme ni jina tu, kama petroli na dizeli. Hakuna aliyeniambia halina moshi. Na kama aliniambia, nani alisikia?

Umeniuliza nilinusa nini. Nilikuwa kifudifudi, Wadha, nikameza moshi mpaka nikakohoa. Moshi wa petroli iliyoungua vibaya, mzito, unaowasha macho. Nina ladha yake kooni mpaka leo.

Nilitaka kukuandikia kwamba nitafikiri. Nimefikiri tangu alfajiri na kalamu mkononi. Nikisema moshi, Jadaan atauliza gari la petroli lilinipitaje bila sauti. Hakuna jibu ila moja.

Ijumaa baada ya sala mlete ndugu yako Dhiyab na wale wazee.

Mufleh


Tafila, Jumamosi, tarehe 25 Januari

Mwanangu Nayif,

Nakusalimu, na leo nina nguvu ya kuwataja. Sabha anakusalimu, shangazi yako anakusalimu na kukuuliza hali za kondoo arobaini, maana Sabha hana siri. Mjomba wako Dhiyab anakusalimu, yeye ndiye aliyenisimulia haya, nami nakuandikia kama alivyosema.

Walikaa jana kwa Haji Mufleh. Kahawa ikamiminwa. Haji akasema, "Kabla hamjanywa na kabla hamjasema. Kijana wa Wadha hakunigonga. Aliyenigonga aliniachia moshi mdomoni, na gari la kijana huyo halina moshi."

Jadaan akasema, "Baba, ulisema halikuwa na sauti."

Haji hakumjibu. Jadaan alikuwa amekaa ubavuni kwake, si mbele. Akarudia. Haji bado anatazama kikombe. Akarudia mara ya tatu kwa sauti ya juu, mpaka mama yake akatokea mlangoni. Dhiyab anasema hapo chumba kizima kilianza kuelewa, mmoja baada ya mwingine, kama taa zinavyowaka mtaani. Haji akainua kichwa akaona nyuso zao. Akasema, "Sasa mmesikia nyinyi, maana mimi sisikii. Miaka miwili." Akachukua kikombe akanywa, akawaashiria wanywe. Wakanywa. Atwa imerudishwa, jina lako ni safi, na Jadaan amembusu Dhiyab kichwani na kuomba radhi.

Lakini hakuna aliyemwambia Haji neno. Mmoja wa wale wazee alikuwa anatazama viatu vyake muda wote. Kesi ya kisima cha jirani, ambayo ilikuwa iletwe kwake wiki ijayo, imepelekwa kwa mtu mwingine. Nimesikia leo kwenye duka la mikate. Amelipa kiti chake kwa jina lako, na mimi ndiye niliyemwuliza alinusa nini. Nililala nalia, wala si kwa furaha.

Na wewe umeniuliza kwa nini nilikuona mtu wa kumwacha mzee barabarani. Sikukuona hivyo, mwanangu. Sikuona kitu. Hofu ni kiziwi, inatazama midomo ya watu na kujibu isichoulizwa. Ungeniambia habari ya kondoo usiku ule ningecheka mpaka asubuhi. Na ningengoja siku moja zaidi, theluji ingeyeyuka. Nisamehe, na mimi nimekwisha kukusamehe.

Mwenye gari lile la moshi hajajulikana. Bado anapita barabara zetu, jeupe lake likinguruma kama mengine yote, na hakuna anayeliogopa. Mimi naliogopa. Naogopa kila gari sasa, lenye sauti na lisilo na sauti.

Kwa hiyo njoo, lakini njoo hivi. Hita izime, vaa soksi za Sabha. Ukifika kona ya chemchemi simama kabisa. Piga honi mara tatu, nitaweka birika. Halafu washa taa na kuzima mara tatu, ile mpya na ile ya zamani, ukielekeza kibaraza cha juu upande wa kulia. Haji anakaa hapo kila jioni, anatazama barabara. Honi ni yangu, taa ni zake. Usiondoke pale mpaka umeona ameinua mkono.

Niandikie siku utakayokuja, na uiandike haraka. Abu Sakri ameambiwa asirudi mikono mitupu.

Mama yako,
Wadha